Makosa ya Mgeni Katika Kazi ya Filamu

(Mazungumzo haya yalitolewa na meneja mmoja wa uzalishaji wa filamu mbele ya vijana na wazazi waliokusanyika katika ofisi ya kata. Tumeyachapa kwa faida ya wakazi wote, kwa kuwa vijana wetu huajiriwa na vikundi vya filamu vinavyokuja Bagamoyo, na baadhi ya wakazi hukodisha nyumba zao kwa kazi hiyo.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo jina lake ni refu kuliko malipo yake: msaidizi wa uzalishaji. Ndiye mtu wa chini kabisa mahali pa kupigia picha. Hubeba maji, huzuia njia, huwaita waigizaji, hugawa ratiba, hulinda vifaa, hupeleka ujumbe, na jioni huokota takataka. Mtazamaji hamwoni kamwe. Lakini wengi wa waongozaji na mameneja ninaowafahamu waliingia kwa mlango huo, nami ni mmoja wao.

Mji wetu si mgeni katika sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, nacho ndicho TaSUBa ya leo. Magofu ya Kaole, nyumba za mawe za Mji Mkongwe, ufuko na majahazi yake, vyote huwavuta wenye kamera. Hata hivyo vikundi hivyo huja na watu wao, na vijana wa kata huchukuliwa kwa siku mbili tatu, kisha hawaitwi tena. Wazazi wameniuliza mara nyingi: kwa nini mwanangu hakuitwa tena? Wengi hudhani ni upendeleo. Upendeleo upo, sitawaficha. Lakini katika visa vingi nilivyoshuhudia mwenyewe, sababu ilikuwa nyingine: kijana hakuelewa alichoagizwa na akaona haya kuuliza, au aliona jambo baya linakuja akanyamaza, au alikosea akaficha.

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nimekuja kuwasuta.

Katika mwaka wangu wa kwanza tulipiga picha katika nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki. Jokofu lake lilikuwa ukumbini, limejaa changu na vibua. Mtu wa sauti aliagiza lizimwe. Ombi hilo ni la kawaida, wala si kiburi. Sikio la binadamu huuzoea mngurumo wa jokofu hata likaacha kuusikia, lakini kinasa sauti hakizoei. Tena jokofu hujiwasha na kujizima lenyewe, hivyo maneno ya mwigizaji yakija kuunganishwa, sentensi moja huwa na mngurumo na inayofuata haina. Nikatumwa nilizime, nikalizima. Saa kumi jioni tulimaliza, tukapakia vifaa, tukaondoka. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwenda kulala kwa dada yake ili atupishe. Aliporudi asubuhi, harufu ilimpokea mlangoni.

Tulipofika kuendelea na kazi, mwongozaji msaidizi aliuliza: nani aliyelizima jokofu? Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikatazama chini. Lawama zikamwangukia mtu wa sauti, kwa kuwa ndiye aliyeomba. Alikaripiwa mbele ya watu wote, naye akadhani pengine ni kweli alipaswa kuliwasha yeye. Nilikiri jioni, baada ya samaki kulipwa na baada ya nyumba mbili za jirani kukataa kutupokea tena. Meneja wetu wa wakati ule aliniambia kwamba kusahau kungemgharimu fedha ya samaki tu. Saa zile nane za kimya ndizo zilizomfanya asijue kama ataweza kunituma tena. Na kweli, filamu iliyofuata hakuniita.

Tangu siku ile, nikizima jokofu la mtu naweka funguo za nyumba yangu ndani yake. Siwezi kwenda kulala kabla ya kulifungua. Hila hii sikuibuni mimi. Wafanyakazi wa filamu wa nchi nyingi huitumia. Nanyi mnaokodisha nyumba, wazee wangu, msione haya kumwuliza kijana anayezima jokofu lenu: funguo zako ziko wapi?

Sasa niseme juu ya redio za mkononi, maana ndizo zinazowaponza wengi. Mgeni akikabidhiwa redio hujiona amepandishwa cheo. Huanza kuzungumza kabla hajakibonyeza kitufe sawasawa, na nusu ya neno lake la kwanza hupotea. Bonyeza, tulia kidogo, ndipo useme; sema kwa ufupi; kisha achia. Kamera inapofanya kazi, nyamaza kabisa. Na usiseme redioni neno ambalo hungependa mwongozaji alisikie, kwa kuwa huenda amesimama karibu na mtu mwenye redio kama yako.

Lakini hayo ni madogo. Kosa lenyewe ni neno “nimepokea”. Kwetu sisi neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: nimesikia, na nimeelewa. Kijana aambiwa, “Mlete Bibi Harusi mlango wa nyuma baada ya onyesho la kumi na nne.” Hajui mlango wa nyuma ni upi, wala hajui tupo onyesho la ngapi. Ajibu: nimepokea. Watu arobaini wasimama juani dakika ishirini wakimngoja bibi harusi aliyesimama kwenye mlango mwingine. Kama angesema, “Naomba urudie, mlango upi?”, pengine angekemewa, lakini kwa sekunde tano tu. Mimi humhesabia kijana alama nzuri kila anaponiomba nirudie, mradi asiniombe jambo lile lile mara ya nne. Kwa ajili hiyo awe na kijitabu mfukoni na kalamu mbili. Kalamu ya pili ni ya kumwazima mkubwa wake aliyepoteza yake.

Kuna kimya cha namna nyingine ambacho kwetu watu wa pwani kinauma zaidi. Miaka kadhaa iliyopita tulipiga picha ufukoni na kikundi kilichotoka bara. Asubuhi, yapata saa nne, maji yalikuwa yametupwa mbali, mchanga mpana na mgumu. Wageni wakafurahi. Wakasimamisha hema, wakaweka meza za vifaa, na jenereta wakaishusha chini kabisa ili isisikike. Kijana mmoja wa hapa, mtoto wa mvuvi, alikuwa akibeba viti. Alijua vizuri kwamba mwezi ulikuwa mpevu na siku ile ilikuwa ya bamvua. Kila mtoto wa pwani hii anajua kwamba wakati wa bamvua maji hukupwa sana asubuhi na kujaa sana alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika takriban mita tatu. Kijana alilitazama hema, akaitazama bahari, akaendelea kubeba viti.

Saa tisa maji yalikuwa kwenye miguu ya meza. Tulikimbizana. Jenereta ilizimwa kwa wakati, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu nyaya zenye umeme zilikuwa zimelala juu ya mchanga ule ule tuliokuwa tukiukanyaga bila viatu. Masanduku mawili ya taa yaliloa. Jioni nilimwuliza kijana yule kama hakujua. Akasema, “Nilijua, lakini wao ni wataalamu. Nilidhani wameshapiga hesabu.”

Sikumlaumu peke yake. Mimi mwenyewe ni mtu wa pwani, nilikuwepo, na nilikuwa nimezama katika karatasi zangu. Lakini nawaambia vijana: mnapoajiriwa katika kata yenu, hamwajiriwi kwa nguvu za mabega tu. Mnajua bamvua na maji mafu. Mnajua saa ya adhana, saa ya watoto kutoka shule, mahali soko la samaki linapoanza kelele, na nyumba yenye msiba. Hayo hayamo katika ratiba ya mtu yeyote. Msimpigie kelele mwongozaji. Yeye huenda akili yake yote imo katika uso wa mwigizaji. Mwendeeni aliyewaajiri, mseme kwa adabu: “Samahani, leo ni bamvua, saa tisa maji yatafika hapa.” Asiposikia, mseme tena. Jambo la hatari halingoji mapumziko.

Ratiba ya siku nayo someni yote, si mstari wenye jina lako tu. Humo mna mahali pa kukutania, maonyesho yatakayopigwa, na hospitali iliyo karibu. Tena angalieni saa! Vikundi vya kigeni huandika 6:00 wakimaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Nimewahi kumpokea kijana nadhifu, amechana nywele, amefika saa sita kamili mchana, akijivunia kuwahi. Tulicheka wote, naye akacheka, lakini posho ya siku ile ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Ukiitwa saa kumi na mbili, uwe umefika robo saa kabla, umeshakunywa chai.

Na chai uinywe mahali pa chai. Kikombe kilicho mezani mbele ya kamera si chako, hata kama kinatoa mvuke. Chai ile imepimwa ilingane na picha iliyokwisha kupigwa. Vivyo hivyo usiguse taa, stendi wala nyaya za idara nyingine kwa nia ya kusaidia. Taa huunguza, na mfuko wa mchanga unaouona umekaa bure ndio unaoizuia stendi isimwangukie mtu. Uliza kwanza. Usisimame mahali ambapo mwigizaji, akiinua macho, atakutana na macho yako. Simu izimwe. Picha usipige, wala usitume hata ile ya sahani yako ya wali, maana nyuma ya sahani huenda yumo mwigizaji katika mavazi ambayo bado ni siri ya kampuni.

Ninabakiwa na mambo mawili, nayo yanawahusu wakazi wote.

La kwanza ni kuzuia njia. Msaidizi husimamishwa mwisho wa uchochoro asizuru mtu mbele ya kamera. Hapo mgeni hulewa madaraka. Njia ile ni ya wakazi, nasi tumeiazima kwa dakika chache. Yatupasa kuwasalimu, kuwaeleza, kuwaomba wangoje, na kuwashukuru. Mwenye mgonjwa hangojeshwi hata dakika moja. Sema redioni, “Anapita mgonjwa,” na kamera itasimama. Sijapata kumwona mwongozaji aliyekasirika kwa hilo, na akikasirika, jambo hilo niachieni mimi. Aidha, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kuwe na kibali kabla ya kupiga filamu, nacho hushughulikiwa na Bodi ya Filamu. Mkazi akiuliza kibali, msaidizi asimjibu kwa ukali. Ajue ni nani mwenye nakala yake, ampeleke kwake.

La pili ni malipo, na hapa pia kimya chatuponza. Kijana huchukuliwa kwa maneno, “Njoo tu, tutaonana baadaye,” naye huona kuuliza ni kukosa shukrani. Uliza kabla ya siku ya kwanza: kiasi gani kwa siku, kinalipwa lini na na nani, chakula na nauli ni vya nani. Andika majibu katika kile kijitabu, kisha umtumie aliyekuajiri ujumbe wa simu wenye maneno hayo hayo ili abaki nao. Mwajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Pamoja na za ziada, siku isizidi saa 12. Na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Najua katika fani yetu sheria hiyo huvunjwa, na nimeshiriki katika siku ambazo ningeona haya kuzisimulia hapa. Kijana aliyechoka saa kumi na nne ndiye anayeendesha gari la vifaa usiku kurudi Dar es Salaam. Wazazi, mnayo haki ya kuuliza mwanenu atarudije nyumbani.

Ukipewa fedha ya kununua maji au mafuta ya jenereta, rudi na risiti na chenji siku hiyo hiyo, bila kungoja kudaiwa.

Nimeambiwa kwamba ofisi ya kata itaandika majina ya wanaopenda kazi hii, ili vikundi vinavyokuja vielekezwe hapo kwanza. Andikeni pia mnachokijua: kuendesha bodaboda, kupika, kuogelea, kusoma ramani, lugha mnazozungumza. Siku ya kazi vaeni viatu vya kufunika vidole na nguo za rangi iliyofifia, zisiakisi mwanga kwenye kamera.

Mimi nimemaliza upande wangu. Maswali yaanze kwa yule kijana aliyeketi karibu na dirisha. Nimemwona akinyoosha mkono na kuushusha mara mbili.