Sikio Kwanza, Leseni Pili: Mazungumzo Kuhusu Redio za Ridhaa

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanafunzi na walimu wa vyuo vya ufundi vya kaunti. Tunayachapisha kwa faida ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya redio za ridhaa. Nikitaja redio, wengi wenu mnafikiria kituo cha matangazo, mtangazaji na vipindi vya salamu. Si hiyo. Nazungumzia redio ambayo wewe mwenyewe unasikiliza na wewe mwenyewe unajibu, ukiwa nyumbani kwako, kwa antena uliyoifunga kwa mkono wako. Unaweza kuongea na mtu wa Nairobi, wa Afrika Kusini au wa Japani, bila kampuni ya simu katikati na bila kununua bando. Inaitwa ya ridhaa kwa maana ile ile ya mwanamichezo wa ridhaa: anacheza kwa kupenda, halipwi. Na hapa kutolipwa si hiari, ni sheria.

Mtauliza kwa nini tuache shughuli zetu tuje kusikiliza habari za mchezo wa watu wachache. Nitawajibu kwa tarehe mbili mnazozikumbuka. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Nyaya hizo zinatua Mombasa, jirani zetu hapa.

Sasa ongezeni mvua. Mlingoti wa simu una betri, na mingine ina jenereta. Betri huisha. Jenereta hunywa dizeli, dizeli huletwa na lori, lori hupita barabarani, na barabara ndiyo ya kwanza kumezwa na maji Sabaki au Tana inapofurika. Waliokuwa watu wazima wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanajua, na walioona mvua za mwishoni mwa 2023 wanajua pia. Siku kama hiyo, mtu mwenye betri ya gari, waya wa mita 20, redio na ujuzi wa kuvitumia anaweza kufikisha ujumbe kutoka kijiji kilichozingirwa na maji hadi Nairobi. Redio inaweza kununuliwa na yeyote mwenye pesa. Ujuzi haununuliwi siku ya mafuriko. Ndiyo maana nataka muanze sasa, wakati kumekauka.

Wapenzi hawa wa redio si watu wa kudharauliwa. Miaka ya mwanzo ya redio, wakubwa waliona kwamba mawimbi mafupi kuliko mita 200 hayana kazi ya maana, wakawaachia wao wayachezee. Mwishoni mwa Novemba 1923, Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, na Fred Schnell akiwa Connecticut, Marekani, wakapigiana alama za Morse kuvuka bahari ya Atlantiki kwa wimbi la takriban mita 100. Baada ya hapo, mawimbi yaliyodharauliwa yakagombaniwa na kila serikali. Tarehe 12 Desemba 1961, miaka miwili kamili kabla ya bendera yetu kupandishwa, wenzao wa Marekani walikuwa tayari na setilaiti yao wenyewe angani, OSCAR 1. Na sisi watu wa pwani tusisahau: tarehe hiyo hiyo mwaka 1970, setilaiti ya kisayansi iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa baharini karibu na Malindi. Haikuwa ya redio za ridhaa, lakini nikimsikia kijana wa huku akisema anga ni mambo ya Wazungu, humkumbusha jukwaa lile.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe, na nianze na onyo. Kuna redio ndogo za mkononi, zile tunazoziita woki-toki, zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya simu ya kawaida. Baofeng ni mojawapo. Nyingi zinarusha mawimbi kutoka megahezi 136 hadi 174. Kipande cha wanaridhaa katika eneo letu la dunia ni megahezi 144 hadi 146 peke yake. Pande mbili za hapo kuna vyombo vya baharini, kampuni za ulinzi na huduma za dharura. Ukibonyeza kitufe cha kuongea ukiwa mahali pasipo pako, unaweza kuzima sauti ya mtu anayeomba ambulensi, na wewe usijue kabisa. Kwa hivyo usianze na redio ya kurusha. Anza na ya kusikiliza.

Kusikiliza ni shule, na ni shule ya bei nafuu. Redio ya zamani ya babu yenye masafa mafupi itakufundisha jinsi mawimbi yanavyobadilika kati ya mchana na usiku. Mwenye kompyuta anunue kipokezi kidogo kinachochomekwa kama flash, kile kinachoitwa RTL-SDR, aweke programu ya bure, na ataona mawimbi yamejipanga kwenye skrini kama mistari ya mkeka. Kituo cha kimataifa cha anga za juu kinapopita juu yetu, wanaanga wakiwa kazini kwenye redio husikika katika megahezi 145.800. Mara nyingine hutuma picha kwa sauti, na programu ya simu huigeuza sauti ile ikawa picha.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tumebahatika nalo. Setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba mtambo wa wanaridhaa unaoitwa QO-100. Haizunguki ikatupotea, imesimama palepale juu ya mstari wa ikweta, kwenye nyuzi 25.9 mashariki. Kwa mtu wa Ulaya kaskazini, dishi lake hulala kuelekea upeoni. Sisi dishi letu hutazama karibu juu ya utosi, likiegemea magharibi kidogo, na hakuna mwembe wala ghorofa ya jirani inayoziba. Dishi la kawaida la televisheni na kile kipokezi kidogo vinatosha kusikiliza watu wa Ulaya, Afrika na Uarabuni mchana na usiku. Fundi yeyote wa madishi aliyeketi hapa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Ukisikia mawasiliano yasiyokuhusu, yaache hapo hapo. Usiyarekodi ukayasambaza kwenye WhatsApp. Hilo nalo ni jambo la sheria.

Masikio yakishazoea, sasa leseni. Katika nchi yetu leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, wengi wanaijua kwa herufi CA. Makao yake makuu yako Barabara ya Waiyaki, Nairobi, na ofisi yake ya kanda ya Pwani iko Mombasa, kwa hivyo hatuna sababu ya kusema serikali iko mbali. Fomu na ada za wakati huo utazipata kwao. Usizichukue kwa mtu wa mtaani anayesema ana njia ya mkato. Na kabla ya kuagiza redio kutoka nje, uliza kwanza kuhusu kibali cha kifaa hicho. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini vinahitaji idhini ya Mamlaka, na mzigo uliokwama forodhani huumiza mfuko.

Kanuni za kimataifa zinaitaka kila serikali ihakikishe kwamba anayepewa leseni anajua anachokifanya. Kwa hivyo lazima usome. Utasoma sheria za redio, na namna ya kuita na kujibu hewani. Utasoma umeme wa msingi, ule ambao mwalimu wenu wa ufundi tayari anawafundisha: volti, ampea, ohmu. Utasoma antena, usalama wa mawimbi, na jinsi ya kutomsumbua jirani anayetazama mpira. Kwa mwanafunzi wa ufundi wa stima, nusu ya safari ameshaimaliza. Wengi huogopa alama za Morse. Tangu mkutano wa kimataifa wa redio wa 2003, mtihani wa Morse si sharti tena la kimataifa, ingawa mimi bado nawasihi mjifunze, maana sauti ya mtu ikishamezwa na kelele, Morse bado hupenya.

Usisome peke yako. Chama cha nchi ni Amateur Radio Society of Kenya, na wanachama wake wamewashika mkono wengi walioanza bila kujua lolote. Andikeni kwao kama kikundi cha chuo badala ya mmoja mmoja. Walimu, hili nawaachia nyinyi.

Leseni ikitoka huja na alama ya mwito. Hilo ndilo jina lako hewani. Dunia nzima imegawana herufi za mwanzo, na Kenya ina 5Y na 5Z. Alama nyingi za huku huanza na 5Z4. Enzi za mkoloni tulikuwa VQ4. Tanzania ni 5H, Uganda 5X. Kwa hivyo mtu wa Brazili akisikia 5Z4, kabla hujasema neno jingine ameshajua unakotoka. Katika megahezi 14 wapo watu wanaoikesha Kenya, kwa sababu tulio hewani ni wachache. Utajikuta unagombaniwa kama bibi harusi.

Masharti ni machache lakini hayana mzaha. Utaje alama yako. Usifanye biashara: hoteli, kampuni ya ulinzi au chama cha bodaboda vinahitaji leseni nyingine kabisa. Usipige muziki wala usitangazie umma. Usifiche maneno yako kwa siri za kompyuta. Wanaridhaa huongea mbele ya wote. Unaweza kuongea Kiswahili, hakuna anayekataza, ila huko mbali utakutana zaidi na Kiingereza. Na ndugu zangu wavuvi, maana nimeona baadhi yenu hapa: redio ya ridhaa si ya kuombea msaada baharini. Nyinyi mna redio za VHF za vyombo vya baharini na chaneli 16, ambayo manahodha na waokoaji wa Mombasa huisikiliza. Hiyo ndiyo yenu, na ina leseni yake.

Sasa waya, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Antena nzuri ya masafa mafupi haihitaji chuma cha dukani. Chukua 143, gawanya kwa megahezi unazotaka, utapata urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20 na kidogo. Ukate katikati, kila upande mita 10, hapo katikati uunganishe kebo inayoshuka kwenye redio. Ncha mbili zifungwe kwa kamba ya nailoni kwenye minazi miwili. Usipande mwenyewe, mpe mgema kamba, yeye anajua njia. Na waya usipite juu, chini wala karibu na nyaya za stima, hata kama ndiyo minazi pekee uliyo nayo. Radi ikianza kunguruma, chomoa kebo.

Watu husema antena iwe juu iwezekanavyo. Kwa kuongea na Japani, ndiyo. Kwa kazi ya mafuriko, hapana. Waya wa megahezi 7 ukitundikwa chini, mita 3 hadi 5 tu, hurusha mawimbi yake wima, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mvua, yakitapakaa mamia ya kilomita kila upande. Mlima hauyazuii, msitu hauyazuii. Malindi hadi Garissa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 300. Mchana, waya huo wa chini unafika. Woki-toki ya wati 5 haiwezi; yenyewe huona mbele yake tu, na kwenye ardhi tambarare kama ya kwetu, ukiwa chini, kilomita chache zinaimaliza. Redio nyingi za masafa mafupi hutumia volti 13.8, yaani betri ya gari inazibeba. Ya wati 100 hunywa ampea kama 20 unapoongea. Ndogo ya wati 5 huridhika na paneli ya sola ya nyumbani.

Sitawadanganya kuhusu gharama. Kusikiliza ni rahisi kwa mfuko. Redio ya kurusha masafa mafupi si rahisi, hata iliyotumika. Ndiyo maana nasema kikundi. Chuo kimoja, redio moja, leseni za watu kadhaa. Kila aliyepita anamfundisha anayekuja, na mvua ikikatiza barabara, yupo mtu anayejua ni kitufe gani.

Maswali nitayajibu nje. Pale nyuma ya karakana nimefunga waya wa megahezi 7 kati ya ule mnazi na mwarobaini, na redio iko mezani. Kwa leo tutasikiliza kwanza, kila mtu kwa zamu, dakika tano tano. Halafu nitaita mimi, kwa alama yangu, tuone ni nani atakayejibu. Njooni na kalamu. Anayejibu huandikwa kwenye daftari pamoja na saa na megahezi.