Mikataba ya Utumwa na Kumeguka kwa Usultani: Pwani ya Kusini kati ya Kilwa na Ruvuma, 1845–1890

Kujitenga, yaani hatua ya sehemu ya dola kuacha kutii makao makuu bila kungoja ridhaa yake, huelezwa mara nyingi kwa mfano wa Marekani, ambako majimbo ya kusini, yakianza na South Carolina mwezi Desemba 1860, yaliuvunja muungano ili kuulinda utumwa. Mada hii, iliyoandaliwa kwa semina ya Magomeni, Mtwara, inachunguza mpasuko wa zama hizohizo uliotokea karibu zaidi, ndani ya usultani wa ukoo wa Busaidi. Hoja yake ni kwamba kilichoifarakanisha pwani ya kusini na Unguja hakikuwa utumwa peke yake, kwa kuwa sultani naye alikuwa na mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Kilikuwa ni desturi ya kiti cha Unguja kulinda uhai wake kwa mikataba ambayo hasara yake ilibebwa na watu wa bara na bandari za mbali.

Desturi hiyo ilianza mapema. Mkataba wa 1822 kati ya sultani Seyyid Said na Waingereza ulizuia kuuza watumwa kwa Wakristo, ukapiga mstari baharini kuanzia Rasi Delgado, kusini kidogo tu ya mlango wa Ruvuma. Ule wa 1845, ulioanza kutumika 1847, ulikataza kuwapeleka watumwa Arabuni lakini ukaruhusu kuwasafirisha kwa jahazi kati ya Lamu na Kilwa. Kikiangaliwa kwenye ramani, kifungu hicho kina uzito wake, kwani Lindi na Mikindani, zilizo kusini ya Kilwa, ziliachwa nje ya eneo lililoruhusiwa, huku Kilwa Kivinje ikibaki kuwa lango halali, hata ikafika miaka ya 1860 watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka wakipita katika forodha yake, wengi wao wakitoka pande za Ziwa Nyasa.

Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombea urithi, Thuwaini akiwa Maskati na Majid akiwa Unguja. Ugomvi huo haukuwa wa utumwa, lakini msuluhishi wake alikuwa Mwingereza, Canning, na uamuzi wake wa Aprili 1861, mwezi uleule vita vya Marekani vilipoanza, uliigawa dola kwa sharti la Unguja kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo sultani wa Unguja alisimama kwa kutegemea mkono wa ubalozi wa Uingereza, na mkono huo ulikuwa na bei.

Bei hiyo ilidaiwa kwa Sultani Barghash, aliyemrithi Majid. Mwaka mmoja baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, alitishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, akatia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku usafirishaji wote wa baharini. Wafanyabiashara hawakuacha, waliwapitisha watumwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, njia iliyoua wengi. Ndipo Aprili 1876 Barghash akatangaza kwamba misafara hiyo ya nchi kavu nayo ni haramu. Kilwa Kivinje kulizuka ghasia, na balozi wa Uingereza John Kirk akalazimika kwenda huko mwenyewe ili amri isimame. Kwa macho ya wenye misafara na ya waliowakopesha, liwali, yaani mwakilishi wa sultani katika mji, aliyekuwa mlinzi wa biashara yao, alikuwa amegeuka askari wa watu wengine. Mwaka huohuo mmisionari Mwingereza, Askofu Steere, aliwateremsha Lindi watumwa walioachwa huru, akawapeleka kuishi Masasi, kandokando ya njia ileile waliyoshushiwa wenzao.

Haitakuwa haki kusema kwamba kusini yote iliishi kwa utumwa. Mpira wa mwitu kutoka uwanda wa Makonde ulikwisha kuipa Mikindani na Lindi biashara nyingine, na kwa sababu hiyo uasi wa pwani wa 1888 dhidi ya Wajerumani hauelezwi vyema na propaganda ya Berlin, iliyouita uasi wa Waarabu wauza watu hadi bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2 Januari 1889. Sultani Khalifa alikuwa amelikodisha pwani shirika la Kijerumani mwezi Aprili 1888, pamoja na forodha zake. Septemba, maafisa wa shirika walikimbia Lindi na Mikindani, na wawili wakauawa Kilwa Kivinje. Bendera ya sultani ilitajwa na waasi, lakini amri zake za kutuliza mambo hazikusikilizwa. Huko ndiko kujitenga kwa vitendo, ingawa hakuna aliyetangaza dola mpya.

Kamanda wa Kijerumani Wissmann aliitwaa tena miji hiyo mitatu Mei 1890, na mwaka huohuo Ujerumani ikainunua pwani kwa marki milioni 4. Utumwa wenyewe, uliotolewa kuwa sababu ya vita, Wajerumani hawakuufuta: amri yao iliwapa uhuru watoto waliozaliwa baada ya 1905 tu, na sheria ya kuukomesha Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza.