WIMBO WA TAIFA: ASILI YAKE NA MAANA YAKE KWA WAKAZI WA MPAKANI
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Mpemba, Tunduma)



Mpemba ni njia panda. Barabara moja huendelea hadi Tunduma, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchini Zambia. Nyingine huchepuka kuelekea Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Mkazi wa hapa, basi, yuko jirani na nyimbo za mataifa matatu. Si ajabu likazuka swali, hasa kwa vijana: kwa nini wimbo wa Zambia una mahadhi yale yale ya wimbo wa Tanzania, na ni nani aliyemwiga mwenziwe?

Jawabu ni kwamba hakuna aliyemwiga mwenziwe. Wote wawili wamerithi kwa mzee mmoja. Mahadhi hayo yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, Afrika Kusini. Aliutunga kwa lugha ya Kixhosa, ukiwa ni wimbo wa dua. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano wa kuanzishwa kwa chama kilichokuja kuitwa ANC, na tangu hapo ukawa sauti ya wanaodai haki barani. Sontonga mwenyewe alikwisha fariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Kaburi lake halikujulikana kwa miaka mingi, hata lilipotambuliwa na kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Tanganyika iliyachukua mahadhi hayo ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kwa maneno ya Kiswahili. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 na nchi kupewa jina la Tanzania, jina hilo likaingia mahali pa Tanganyika katika ubeti wa pili. Zambia nayo ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 iliyashika mahadhi hayo hayo, ila maneno yake yalitungwa upya kwa njia ya mashindano. Malawi, iliyopata uhuru Julai mwaka huo huo, ilikuwa na mahadhi yake yenyewe, kazi ya Michael-Fredrick Paul Sauka. Lakini wimbo wake nao ni dua.

Inafaa kuangalia mpangilio wa maneno. Wimbo wa Zambia hutanguliza Zambia, kisha ukaitaja Afrika. Wimbo wa Tanzania hutanguliza Afrika. Ubeti wa kwanza wote ni wa kuliombea bara na viongozi wake, na Tanzania hufuata katika ubeti wa pili, wakiombewa wanaume, wanawake na watoto bila kubagua. Maana yake ni kwamba Mtanzania anaposimama kuuimba, huanza kwa kumwombea jirani kabla ya kujiombea mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo jambo kubwa kwa wakazi wa mpakani. Mfanyabiashara wa Nakonde, dereva wa lori anayesubiri kuvuka na mama anayeleta mahindi sokoni wamo katika dua ile. Haifai mtu auimbe asubuhi gwarideni, kisha mchana amdhulumu mgeni katika kipimo cha nafaka au kubadilisha fedha. Hali kadhalika, mtumishi aliye dirishani akimzungusha mwananchi bila sababu huwa ameombewa busara asiyoitumia.

Aidha, adabu ya wimbo ni moja kila mahali: kusimama wima na kutulia hadi umalizike. Wimbo wa Zambia au wa Malawi unapopigwa katika hadhara, Mtanzania huupa heshima ile ile.

Walimu wa shule nao wanaombwa wasiridhike na watoto kukariri maneno tu. Mtoto wa Mpemba aelezwe Sontonga alikuwa nani, dua hiyo ilipitia wapi hata ikafika Songwe, na kwa nini mwenzake wa ng'ambo anaijua. Akielewa hayo, hatamwona Mzambia kuwa mwizi wa wimbo wake, bali ndugu aliyerithi naye.