KUFUNDISHA KIINGEREZA NG'AMBO: TUWAJIBU NINI WATOTO WETU?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa wanachama, Machakos)



Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni ya njia ya reli pale Athi River, na masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, basi. Lakini nimeombwa niseme juu ya jambo lililoingia nyumbani kwangu, na najua limeingia katika nyumba nyingine za wanachama. Watoto wetu waliosomea ualimu wanaambiwa kwamba kuna kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi za watu wanaosema Kihispania, yaani Hispania yenyewe na nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini.

Mdogo wangu wa kike ana cheti cha ualimu, na amengoja kuandikwa miaka mitatu. Mwaka jana wakala mmoja alimwambia kuna shule inamngoja Hispania, mradi atoe shilingi 180,000. Mama aliuza ng'ombe wawili. Mimi nikakopa katika chama cha akiba na mikopo, na deni hilo nalikatwa katika mshahara hata leo. Dada alipewa barua yenye mhuri mkubwa, na cheti cha kufundisha Kiingereza alichokipata kwa siku mbili katika simu. Mwisho akaona kwamba viza aliyokuwa akiombewa ni ya matembezi. Akauliza, "Je, kwa viza hii naruhusiwa kufanya kazi?" Wakala akajibu, "Ukifika utajua mwenyewe." Dada akakataa kwenda. Fedha hazikurudi.

Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema ili mwingine asianguke katika shimo lile lile.

Sasa mtauliza: kazi hiyo ipo, au ni hadithi tu? Ndugu zangu, kazi ipo. Wahispania wanataka Kiingereza kwa biashara, kwa wageni wa matembezi na kwa masomo. Serikali ya Hispania kwa miaka mingi imechukua vijana wa Marekani, Kanada, Uingereza na kwingineko wawe wasaidizi wa mazungumzo katika shule zake. Lakini huchukua raia wa nchi zilizoandikwa katika orodha yake. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, soma orodha hiyo mwenyewe, usisomewe na wakala.

Huko Amerika ya Kusini nako lugha hii si ngeni. Sisi watu wa reli yafaa tujue kwamba reli nyingi za Argentina zilijengwa na makampuni ya Kiingereza, mpaka serikali ilipozichukua mwaka 1948. Jirani yake, Uruguay, ilianza jambo jipya mwaka 2012. Katika shule za msingi za serikali, mwalimu wa Kiingereza huonekana katika kioo ukutani, naye yuko mbali, pengine nchi nyingine. Mwalimu wa darasa hukaa na watoto na kuwaongoza. Baadhi ya walimu hao wa mbali wamekuwa watu wa Ufilipino, ambao Kiingereza walijifunza shuleni kama sisi tulivyojifunza.

Hapo ndipo penye shida, tena ndipo penye tumaini. Waajiri wengi wanataka mtu aliyezaliwa na Kiingereza, na wengine hutazama pasipoti kabla ya kumsikiliza mtu akisema. Mkenya aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utoto huambiwa si lugha yake. Jambo hili si la haki, lakini ni heri mtoto alijue akiwa hapa Machakos kuliko kulijua akiwa kwa watu, hana nauli ya kurudi.

Lakini mimi nasema mtu aliyejifunza lugha anajua mahali inapouma. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, sawasawa na Kiswahili. Kwa hiyo Mhispania hushindwa kutenga neno la Kiingereza la meli na lile la kondoo, kama sisi tulivyoshindwa tukachapwa. Tena hawezi kuanza neno kwa "s" iliyofuatwa na konsonanti. Lazima atangulize "e". Mkamba naye alipolipokea neno la Kiingereza la shule alitia irabu ndani yake, akasema "sukulu". Mhispania shule yake huiita "escuela". Ugonjwa ni mmoja, dawa ni tofauti kidogo. Mwalimu aliyepita njia hiyo ataweza kumwonyesha mwanafunzi ulimi uwekwe wapi. Yule aliyezaliwa na lugha pengine hajui hata kwamba hapo pana shida.

Basi tuwajibu nini watoto wetu? Nina mambo manne.

Kwanza, elimu ya kweli. Kujua Kiingereza si kujua kukifundisha. Kiko cheti cha Cambridge kiitwacho CELTA. Masomo yake ni kama saa 120, na ndani yake mwanafunzi husimama mbele ya watu na kufundisha kwa saa 6 huku akitazamwa na walimu wake. Cheti cha siku mbili kisicho na mazoezi ni karatasi. Tena mtoto ajifunze Kihispania kidogo. Mtu asiyeweza kuomba maji kwa lugha ya wenyeji atategemea wakala kwa kila kitu.

Pili, ruhusa ya kazi. Viza ya matembezi ya nchi za Schengen, na Hispania ni mojawapo, ni ya siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, wala haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Kwa Mkenya anayeajiriwa kutoka hapa, kwa kawaida mwajiri ndiye anayetangulia kuomba ruhusa huko Hispania, kisha mfanyakazi huomba viza katika ubalozi wao Nairobi. Ukiambiwa uende kwanza halafu mambo yatatengenezwa huko, jua umepewa taa nyekundu. Dereva wa treni haondoki stesheni kabla ya kupewa njia, hata abiria wakipiga kelele namna gani.

Tatu, mkataba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mkataba wa kazi ya nchi za nje uwe kwa fomu iliyowekwa, utiwe sahihi na pande zote mbili, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Afisa huyo hutazama kama mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila kudanganywa. Na mawakala wanatakiwa waandikishwe na serikali. Muulize wakala namba yake, kisha ukaulize katika ofisi ya kazi kama ni ya kweli.

Hata babu zao Wahindi walioletwa kujenga reli hii kuanzia mwaka 1896, watu kama 32,000, walikuja kwa mkataba wa miaka mitatu uliotaja mshahara na nauli ya kurudi. Kazi ilikuwa ya mateso, na karibu 2,500 walikufa. Lakini karatasi ya nauli walikuwa nayo. Je, mtoto wetu leo aende ng'ambo na mkataba ulio dhaifu kuliko ule?

Nne, tusiende kila mtu peke yake. Ndugu Tom Mboya alizaliwa Kilima Mbogo, si mbali na hapa, baba yake akiwa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Naye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ilipowachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, walikuwa na vyuo vilivyokubali kuwapokea, na watu wengi hapa na kule walichanga fedha kwa ajili yao. Hawakwenda kwa barua ya mtu wa mtaani.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo mawili. La kwanza, mwanachama ambaye mtoto wake amepewa barua ya kazi ya ng'ambo ailete kwa katibu wetu kabla ya kulipa chochote, na katibu aende nayo kwa afisa wa kazi. Ni safari ya nusu siku. Mimi ningeifanya, ng'ombe wale wangekuwa zizini.

La pili, mdogo wangu hajakata tamaa. Anasoma Kihispania kila jioni baada ya kazi za nyumbani, na anataka mazoezi ya kufundisha watu wazima. Amekubali kuwafundisha Kiingereza wanachama wanaotaka, kila Jumamosi saa nane, bila malipo, ikiwa kamati itatupa chumba. Sisi tutapata lugha ya kusomea barua tunazoandikiwa na wakubwa. Yeye atapata kazi ya kuonyesha siku atakapoulizwa, "Umefundisha wapi?" Nami nitakaa benchi ya mbele, maana meli na kondoo bado vinanichanganya.