Kwa Kauli Moja: Mada kwa Wenyeviti wa Vijiji, Watendaji na Madiwani



Nimeombwa katika semina hii nizungumzie tofauti za mawazo katika jamii. Nitaanzia kwenye daftari la mihtasari, maana hicho ndicho chombo chetu cha kazi. Fungua ukurasa wowote. Kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, kisha ajenda yenyewe: ombi la mwekezaji kupewa ardhi. Chini yake mstari mmoja tu: wajumbe walijadili na kuafiki kwa kauli moja. Saini, muhuri, basi. Walijadili nini? Nani aliuliza, akajibiwaje? Daftari liko kimya.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyeishi kijijini. Mkulima anaujua udongo wa bondeni. Mfugaji anajua maji yanabaki wapi visima vikikauka. Anayeokota kuni anazijua njia ambazo hazimo kwenye ramani ya mpima ardhi. Hakuna hata mmoja anayekijua kijiji chote, wala mwenyekiti hakijui chote. Kwa hiyo anayesimama kupinga, mara nyingi analeta habari ambayo meza kuu haikuwa nayo. Na sisi tunampokeaje? "Huyu katumwa." Au tunamwita mpinga maendeleo, anakaa chini, na kikao kijacho haji.

Kuna watakaosema kwamba demokrasia ni wengi wape. Kweli, uamuzi lazima upatikane, la sivyo hata choo cha shule hakitajengwa. Lakini tuikumbuke Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1991 ikusanye maoni: tubaki na chama kimoja, au turuhusu vingi? Tanzania ilikuwa ya chama kimoja kisheria tangu 1965. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 hivi wakataka vingi. Kwa hesabu ya kunyoosha mikono, shauri lilikuwa limekwisha. Tume haikuishia kwenye hesabu. Ilipima hoja, ikaona kwamba wengi wa hao waliotaka chama kimoja walitaka pia kirekebishwe, ikapendekeza vyama vingi. Ilitaja pia sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zilibana haki za watu. Mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa, na Oktoba 1995 tukapiga kura ya vyama vingi.

Angalieni: wale wachache wangeandikwa "waliafiki kwa kauli moja", Tume isingekuwa na cha kupima.

Tume hiyohiyo ilipendekeza muungano wa serikali tatu badala ya mbili, na hilo serikali ikalikataa. Tume ya Jaji Robert Kisanga ikalirudisha mwaka 1999. Rais Mkapa akaipinga hadharani. Mwaka 2013 likaibuka tena kwenye rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Sisemi serikali tatu ni bora kuliko mbili. Hapa kila mmoja ana msimamo wake na semina hii haitaumaliza mjadala huo. Ninachosema ni kwamba hoja iliyozimwa bila kujibiwa haifi, inasubiri tume nyingine.

Na kubishana nako kuna adabu yake. Katika Bunge Maalumu la Katiba, lililoijadili rasimu ya Tume ya Warioba, kejeli na vijembe vilizidi hoja, na Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa mwezi Oktoba. Kura ya maoni ilipangwa ifanyike tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na haikufanyika. Ukumbi ulipobaki na upande mmoja, kupitisha kulikuwa rahisi. Kazi ikakwama baadaye.

Majirani zetu Wakenya wana mfano mzuri wa kuyatunza mawazo ya wachache. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais, majaji wanne walikubali na wawili, Ojwang na Njoki Ndung'u, wakakataa. Hukumu ya hao wawili nayo iliandikwa, na imo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Basi pendekezo langu ni dogo, wala halihitaji bajeti. Chini ya kila uamuzi mtendaji aandike waliopinga ni wangapi na sababu zao, kwa maneno yao. Majina yaachwe kama wenyewe hawataki; vijijini tunajuana mno. Sababu hizo zisomwe kabla muhtasari haujathibitishwa. Mwaka ukiisha, mradi unapokaguliwa, ukurasa huo usomwe kwanza, kabla ya taarifa ya mafanikio.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuwasilisha, na nakaribisha wanaopinga waanze.