Jina la bendi ni la nani?



Jumamosi iliyopita nilikuwa Kikatiti, nyumbani kwa dada yangu. Ninyi mnaosafiri kati ya Arusha na Moshi mnapafahamu: mkishapita Usa River na Maji ya Chai, mnapaona hapo kando ya lami. Nilikwenda kupumzika. Sikupumzika.

Mpwa wangu ana bendi. Ni vijana sita, wanapiga kwenye harusi na sherehe za kipaimara kuanzia Tengeru hadi King'ori. Nilipofika niliwakuta wote sita wamekaa uani, kila mmoja anatazama upande wake.

"Shikamoo, mjomba," akasema mpwa wangu. "Afadhali umekuja. Hawa wanne wanaondoka, na wanataka kuondoka na kinanda."

Mpiga gitaa la rizimu, kijana mpole ambaye sijapata kumsikia akipaza sauti, akajibu: "Mzee, kinanda tulichanga sote. Jina la bendi nalo tulilibuni sote. Mwenzetu amelifanya la kwake na mdogo wake."

Basi wakanitaka niamue. Mimi si hakimu, lakini ujanani nilipiga besi, na bendi yetu ilikufa kwa ugomvi wa namna hiyo hiyo. Vyombo vikafungiwa stoo ya aliyedai ni vyake, panya wakala spika, na hakuna kati yetu aliyefaidika. Kwa hiyo nikawaambia: kabla sijasema lolote, sikilizeni habari za ndugu wawili waliopita katika mkoa huu huu.

Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga. Mwaka 1966 walikuwa katika Jamhuri Jazz ya huko kwao. Mwaka 1970 wakapanda hadi Arusha, ndugu yao William akaungana nao, wakapiga katika Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Mombasa, na huko likazaliwa jina ambalo wazee wenzangu wakilisikia hutabasamu: Simba Wanyika. Katikati ya miaka ya sabini wakahamia Nairobi, na santuri zao zikasikika Afrika Mashariki nzima.

Sasa tazameni mwaka 1978. Nyuma ya ndugu hawa kulikuwa na wanamuziki ambao majina yao hayakutangulia: Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, kwenye rizimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye ngoma, na Phoney Mkwanyule. Mwaka huo wakaondoka. Wakamchukua mwimbaji John Ngereza, Mtanzania mwenzao aliyekuwa akipiga muziki huko Kenya, wakajiita Les Wanyika. Haukupita muda mrefu wakatoa Sina Makosa. Nani asiyeujua wimbo ule? Hadi leo ukipigwa harusini, wajukuu huinuka pamoja na mabibi.

Usikilizeni tena, lakini safari hii msimfuate mwimbaji. Fuateni gitaa la rizimu. Linarudiarudia kitu kile kile, halijionyeshi, na wimbo wote umeegemea pale. Huyo ni Profesa Omar. Mtu ambaye ukumbini hakuna anayemtazama ndiye aliyekuwa nguzo.

Je, Simba Wanyika ilikufa? Haikufa. Wilson na George walitafuta wapigaji wengine, wakaendelea, wakafika kupiga hata Ulaya. Mwimbaji Issa Juma naye akaja na Super Wanyika yake, akatupa Sigalame. Jina Wanyika likawa kama jina la ukoo: kila mtoto aliyehama nyumbani aliondoka nalo, akaongeza lake mbele. George alifariki 1992, Wilson akamfuata 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Walioondoka walikuwa bado wanaitwa Wanyika.

Hapo mpwa wangu akadakia: "Kwa hiyo mjomba unasema waondoke na jina?"

Nikamwambia, sikusema hivyo. Nilisema kuachana si msiba. Msiba ni kuachana bila hesabu. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wengi walipiga vyombo vya watu wengine. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: Juwata, kisha OTTU, hadi leo tunapoiita Msondo Ngoma. Pale angalau ilijulikana mwenye vyombo ni nani. Ninyi vyombo mmenunua wenyewe, na hamna hata karatasi moja.

Tena siku hizi visingizio vimepungua. Baraza la Sanaa la Taifa husajili vikundi. Iko Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inayomlinda mtunzi wa wimbo. Lakini sheria haiwezi kukumbuka kwa niaba yenu nani alitoa shilingi ngapi.

Dada yangu akaleta daftari la shule la mtoto na kalamu. Tukaanza na kinanda. Ilichukua saa mbili, na soda kreti nzima. Jambo la ajabu ni kwamba walipotaja michango mmoja mmoja, hawakupishana sana. Kila mmoja alikumbuka. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza. Wakakubaliana kinanda kibaki, na wale wanne walipwe sehemu yao kutoka sherehe tatu zijazo. Jina likabaki pia. Wanaoondoka walisema wameshapata jingine, zuri zaidi. Wote wakatia sahihi, na dada yangu akawa shahidi.

Nilipokuwa nasubiri gari la kurudi mjini, mpwa wangu alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa na jina na kinanda, lakini uso wake haukuwa wa mshindi.

"Mjomba," akaniuliza, "sasa rizimu atapiga nani?"

Nikamwambia amuulize yule kijana mwenyewe, kabla hajalala. Wakati mwingine mtu huondoka kwa sababu hakuna aliyemwambia abaki.

Ndugu wasikilizaji, tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.