Jina la Kipimo Liandikwe: Hotuba juu ya Ndigana ya Ng'ombe



Katika daftari ya mifugo jibu la kipimo laweza kuandikwa kwa neno moja tu: anao, au hana. Twaja kuwaeleza kwa nini neno hilo halitoshi.

Ndigana kali huletwa na kupe wa masikioni mwenye rangi ya kahawia. Kijidudu chake, Theileria parva, huzaana kwanza ndani ya tezi, kisha huingia katika chembe nyekundu za damu. Bwana Robert Koch, alipokuwa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, aliviona vijidudu hivyo katika damu, akadhani ni vichanga vya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ikiwa bingwa kama yule alidanganyika, sembuse sisi?

Basi tutaje vipimo vinne. Cha kwanza, maji ya tezi iliyovimba hupakwa juu ya kioo, yakatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa darubini. Hiki ni rahisi, nacho huonyesha ugonjwa ulioshika sasa. Cha pili ni damu juu ya kioo. Lakini vijidudu hukawia kuonekana humo, na ng'ombe aliyekwisha kupona aweza kuwa navyo vichache. Cha tatu, ELISA, hakitafuti kijidudu, bali kinga ambayo mwili umejifanyia. Cha nne, PCR, hutafuta vinasaba vya kijidudu, hata vikiwa haba. Hiki huwafichua wabebaji, lakini chahitaji mashine na fedha.

Sasa tazameni madhara. Ng'ombe ana homa siku ya pili, tezi ya chini ya sikio imevimba. ELISA yasema hana, maana kinga haijapatikana bado. Mwenyewe atulia, na dawa ya buparvakwoni, ifaayo zaidi ikiwahi, yachelewa, ng'ombe afa. Jirani yake ana ng'ombe aliyepona zamani: ELISA yasema anao, naye anunua dawa ya bei kubwa bure. Kipimo hakikusema uwongo. Kiliulizwa swali lisilo lake.

Kwa hiyo, ndugu, kila jibu liandikwe pamoja na jina la kipimo, kilichopimwa, ikiwa tezi au damu, tarehe, na joto la mnyama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari isiyotaja kipimo huipoteza mali hiyo hiyo.